Kusini Kidogo ya Ikweta

Kuna mambo ukimweleza mtu wa Magu anakutazama midomo badala ya macho, akisubiri ucheke ili na yeye acheke. Selina alikuwa amezoea kutazamwa hivyo. Alikuwa akiwaambia watu kwamba juu ya ziwa, mbali kuliko ndege, hupita kijisanduku kisichozidi ndoo kubwa ya maji, kinazunguka dunia nzima bila dereva, na kwamba kikipita hapa huchukua barua za hospitali na kushusha majibu. Watu walimwitikia kwa heshima, maana ni binti wa watu na amesoma, kisha wakaondoka wakisemezana kwa Kisukuma.

Wao hawakuamini. Yeye aliamini, na bado hakuwa amekizoea. Kila kijisanduku kilipopita, moyo wake ulimdunda upya, na hakuona haya.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua za El Nino. Barabara ya Mwanza ilikatika, nguzo za simu zililala matopeni, na hospitali ile ndogo ya misheni, iliyojengwa ufukweni upande wa Magu, ikabaki na mdomo mmoja tu wa kusemea na dunia: chumba cha Selina. Zamani kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Sasa kilikuwa na kompyuta, redio, betri za sola na antena juu ya bati. Vyote vilitoka dukani kwa mzee Shantilal, mjini Mwanza, ambaye tangu biashara iwe huria aliacha vitenge akaanza kuuza vitu vyenye taa ndogondogo. Aliyevifunga ni mwanawe Nikhil, kijana mwenye maneno mengi na bisibisi mfukoni, ambaye Kisukuma chake cha sokoni kiliwachangamsha kina mama wodini kuliko dawa. Alikuja wiki ile barabara ilipokatika, kurekebisha hitilafu, mto ukamfungia njia nyuma yake. Masista walimpa chumba na kumlisha maharage na mchicha asubuhi mpaka jioni, kwa kuwa samaki hali wala nyama hali. Hakulalamika. Tuseme alilalamika kidogo.

Ugumu wa kijisanduku kile ni kwamba hakitulii. Mfano wake ni lori la pamba linalopita Nyakato dereva amekandamiza honi: likija, honi ni nyembamba, likishakupita, honi inakuwa nene. Dereva hajabadilisha kitu. Ni mwendo tu. Basi na mawimbi ya kijisanduku yalifanya hivyohivyo, yakiteremka masafa tangu kinapochomoza mpaka kinapozama, na pale kinapokuwa juu ya kichwa huteremka kwa kasi ya jiwe. Redio ya nyumbani unaizungusha mpaka unaipata stesheni, na stesheni inakusubiri. Hii haimsubiri mtu. Selina aliwahi kujaribu kuifuata kwa mkono, ikamteleza kama sabuni kwenye beseni.

Kwa hiyo Nikhil aliandika programu. Ilikokotoa kijisanduku kiko wapi, na kwa waya mmoja mwembamba ikaiamrisha redio: shuka kidogo, shuka tena, shuka. Namba za masafa zilijibadilisha zenyewe kwenye kioo cha redio bila kuguswa. Mara ya kwanza Selina alipoziona aliondoa mkono mezani taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. Alijua hesabu yake, aliweza hata kukueleza. Kuelewa hakukumpunguzia mshangao. Kulimwongezea.

Lakini programu ile ilikuwa na kidonda. Mwanzo wa safari ya kijisanduku ilifuata vizuri, na mwisho ilifuata vizuri; katikati, pale penye kasi, ilipoteza sauti. Tena ilikuwa na ukaidi wake: asubuhi iliteremsha masafa mapema mno, jioni ikachelewa. Nikhil aliilaumu saa ya kompyuta. Asubuhi aliirudisha nyuma, ikawa afadhali. Jioni ikaharibika zaidi, akaipeleka mbele. Kesho yake asubuhi akalaani kwa lugha ya kwao. Barua nyingi zilikuwa za kuagiza dawa na kuulizia vipuri, zikikatika ziliombwa tena, kwa hiyo hospitali iliishi na kidonda hicho kama watu wanavyoishi na mlango unaokwama.

Mpaka siku alipoletwa Kija.

Aliletwa na baba yake, Ngosha, mdogo wake Selina, mkulima wa pamba. Alimbeba mgongoni katika tope la kufika magotini, na mtoto wa miaka minne alikuwa akitetemeka mwili mzima. Alikuwa amekunywa dawa ya pamba iliyokuwa kwenye chupa ya soda. Zamani dawa hiyo ilitoka chama cha ushirika, ina jina, ina karatasi ya maelezo. Tangu soko liachiwe, wachuuzi wa dawa walikuwa wengi kuliko viwavi wenyewe, na kila mmoja alikuwa na pipa lake na jina lake la kubuni. Aliyemuuzia Ngosha alimpimia kwenye chupa, akamwambia, "Hii ni kali, mzee, utaniambia." Kisha akapanda baiskeli akaenda zake.

"Dada," Ngosha alisema, akamnyooshea ile chupa.

Dokta Alexander, mganga mkuu na mganga pekee, aliinusa ile chupa, akamfungua mtoto macho akayamulika. Alitoka nje ya wodi uso umemkauka.

"Sumu ninayoijua hufanya mboni ziwe ndogo kama tundu la sindano," alimwambia Selina. "Za huyu ni kubwa. Nimempa kidogo ile sindano ya kuzuia sumu, hajapata nafuu. Nikiongeza na kumbe siyo yenyewe, nitakuwa nimemuua mimi. Nikiacha na kumbe ndiyo, itamuua sumu. Niulizie, Selina. Kuna madaktari wa sumu ng'ambo, wao wanazijua hizi. Uliza niongeze au niache."

Kuuliza si ujinga. Selina aliandika rangi ya dawa, harufu yake, mboni, degedege, uzito wa mtoto, kila kitu isipokuwa kwamba mtoto ni wa mdogo wake na kwamba yeye ndiye shangazi aliyempa jina. Kijisanduku kilipochomoza jioni ile toka upande wa Shinyanga, kililichukua swali mwanzoni kabisa, kabla sauti haijaanza kuteleza. Kikaondoka nalo. Selina alitoka nje akatazama mawingu. Swali la mtoto wa Magu linapita juu ya Uganda sasa hivi, akawaza, na kabla chai haijapoa litakuwa juu ya bahari ambayo sitaiona maisha yangu yote.

Asubuhi walikusanyika watatu chumbani, Selina kitini, Nikhil ubavuni, daktari nyuma yao. Kijisanduku kilitokea kaskazini. Spika ikatoa ile sauti yake, kama dagaa wanaokaangwa, na namba zikaanza kushuka. Maneno yakajipanga kwenye kioo, yameandikwa kwa Kiingereza cha haraka, na Selina akayasoma kwa sauti:

"Mpendwa daktari, tumepokea swali lako. Kwa dalili ulizozieleza, mtoto huyu..."

Dagaa wakanyamaza. Namba zilikuwa zimetangulia mbio, sauti imebaki nyuma. Nikhil alipiga meza. Kilipokuwa kinazama upande wa Shinyanga maneno yakarudi:

"...tunawaombea. Tafadhali tuandikieni hali yake."

Adabu zote zilifika. Lililopotea ni jibu.

"Mtoto huyu nini?" aliuliza daktari. Nesi alikuja mlangoni akamwita, degedege limerudi. Daktari akaondoka akikimbia, na koti lake jeupe likanasa kwenye kitasa cha mlango, akalivuta likachanika.

Kilikuwa kimebaki kipito kimoja kabla ya jioni, baada ya muda wa kuivisha chungu cha maharage. Jioni ilikuwa mbali mno kwa Kija. Hilo walilijua wote wawili bila kulisema.

"Nitairudisha saa nyuma zaidi," alisema Nikhil, akivuta kibodi.

"Usiiguse saa," alisema Selina.

"Dada Selina, programu inawahi. Kitu kinachowahi—"

"Asubuhi inawahi. Jioni inachelewa. Saa mbovu ingekosea upande mmoja." Alikuwa amefumba macho. "Asubuhi kinatoka wapi?"

"Kaskazini. Uganda, halafu ziwa, halafu sisi."

"Na jioni?"

"Kinarudi. Shinyanga, halafu sisi, halafu Uganda. Unajua hayo yote."

Kichwani mwake Selina alikuwa akiliona basi la Musoma, kwa sababu ndilo alilolijua tangu utoto. Mtu amesimama Magu anasubiri basi, na mwenzake anampigia hesabu akidhani kasimama Lamadi, mbele huko. Basi likitoka Musoma, linafika Lamadi kwanza. Mwenzake anasema, limeshapita, nawe bado hujaliona hata vumbi. Likitoka Mwanza, linakupita wewe hapo Magu, naye anasema, bado, subiri. Asubuhi anawahi, jioni anachelewa. Saa yake ni nzima.

"Haijakosea saa," alisema, akafumbua macho. "Imekosea kituo. Nikhil, hiyo programu inadhani tunakaa wapi?"

Nikhil alifungua ukurasa ambao hakuna aliyeufungua tangu siku ya kufunga mitambo. Mahali pa kituo palikuwa pameandikwa namba mbili tu. Ya kwanza ilikuwa mbili na nusu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Digrii mbili na nusu. Si wewe ulinisomea kwenye ramani?"

"Ndiyo niliyokusomea."

"Basi ni sawa."

"Mbili na nusu kusini."

"Hukusema kusini."

"Hukuniuliza."

"Nani angeuliza? Kwani sisi tuko wapi?"

Wakatazamana. Programu ile, kama programu zote za namna yake, ilihesabu kaskazini kuwa ndiyo hali ya kawaida ya binadamu. Wa kusini lazima ajiwekee alama ya kutoa. Aliyeiandika ni Nikhil mwenyewe, kafuata vitabu vya watu wa kaskazini, na siku ya kuijaza alikuwa amechoka, ana njaa ya kitu kisicho maharage. Mtu wa Songea, mbali kusini, angekosea hivyo asingesikia kitu cha maana, na siku hiyohiyo angejua kuna kosa. Mtu wa Ulaya asingekosea kamwe. Ni sisi tu wa hapa, tuliokaa kusini kidogo ya ikweta, ambao tunaweza kuwekwa upande usio wetu na mambo yakaenda nusunusu, salamu zikafika na majibu yakapotea, tukaishi hivyo miezi na miezi. Muda wote huo kompyuta iliamini kwa moyo mmoja kwamba Selina amekaa Uganda.

Nikhil alicheka kidogo, kicheko kikamfia mdomoni. Alikuwa amekumbuka mtoto. Alibonyeza alama moja, kikistari kifupi kama kijiti cha kiberiti. Kisha wakaisahihisha saa aliyoivuruga kwa siku nyingi, wakiifuatisha na saa ya mkononi ya Selina, ambayo aliiweka sawa kila asubuhi kwa milio ya redio kabla ya taarifa ya habari.

Halafu wakakaa kusubiri, na hakuna kazi ngumu kama hiyo. Kupitia dirishani Selina alimwona Ngosha barazani, amekaa sakafuni, mikono imelala mapajani kama si yake. Alitamani kwenda kumshika bega. Hakwenda. Angemwambia nini?

Kijisanduku kilichomoza.

Dagaa walianza kukaanga kwa mbali, wakakaribia. Namba zikaanza kushuka, polepole kama kawaida. Selina alikaza meno. Kilikuwa kinakuja juu ya ziwa, kimekwishaivuka Uganda, na safari hii programu haikuteremka mbio kwenda kumpokea mtu asiyekuwepo. Ilisubiri. Ilitulia mpaka kikawa juu yao hasa, na pale masafa yenyewe yalipoanguka, namba nazo zikaanguka pamoja nayo, haraka sana, jicho halikuweza kuzisoma, na sauti haikutikisika hata kidogo. Spika ilikaanga bila kukatika. Nikhil alishika kichwa kwa mikono miwili. Selina alihisi machozi yakimtoka na hakuyafuta. Chuma kilichotupwa angani na watu asiowajua kilikuwa kikipita kwa kasi ambayo akili haiwezi kuibeba, na maneno ya programu yaliyoandikwa na kijana wa Mwanza, maneno tu, yalikuwa yamekishika mkono na kutembea nacho hatua kwa hatua toka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine. Mungu wangu, alisema kimoyomoyo. Mungu wangu, na hii umeturuhusu tuifanye.

Maneno yakatokea.

"...mtoto huyu hakunywa sumu mnayoifikiria. Msiongeze sindano hiyo, iacheni kabisa. Hii haina dawa yake maalumu. Kazi yenu ni kuzima degedege na kumsaidia kupumua, bila kuchoka, mpaka mwili uitoe wenyewe..."

Hakusubiri mwisho. Alikimbia chini ya mvua, akapita mbele ya mdogo wake, akaingia wodini akipiga kelele, "Acha! Dokta, acha!" Daktari Alexander alikuwa ameinama kitandani, sindano imekwisha kujazwa. Alikuwa amechoka kungoja, amechagua. Aligeuka akamtazama Selina, akaitazama sindano, kisha akaiweka kwenye sinia kwa uangalifu mkubwa, kama kitu kinachoweza kuamka.

Walihangaika naye mchana kutwa na siku iliyofuata. Nikhil alifundishwa kubonyeza mfuko wa kupumulia, akabonyeza mpaka vidole vikavimba, akakataa kupokewa. Degedege lilikuja likaondoka, likaja dogo zaidi, mwisho likaacha kuja. Kija akafumbua macho.

Lakini hakusema. Alikunywa uji, alimfuata baba yake kwa macho, alishika kidole cha shangazi yake akikivuta. Neno halikutoka. Siku zikapita, matope yakaanza kukauka juujuu, fundi wa barabara akaonekana, na mtoto yule ambaye nyumbani walikuwa wakimwomba anyamaze angalau watu wapate kula, alikaa kimya kama mgeni. Daktari hakuwaficha. Degedege la muda mrefu linaweza kuumiza ubongo, alisema. Pengine atasema kesho. Pengine hatasema. Ngosha aliitikia, "Ndiyo, Dokta," akaenda kukaa nje. Angepewa adhabu angeshukuru. Hakuna aliyemwadhibu, na hilo lilimtafuna zaidi.

Asubuhi moja alikuja mlangoni kwa Selina, Kija begani, kofia ameishika mkononi. Hakuwahi kuingia chumba kile.

"Dada, hicho kitu. Kiko wapi sasa?"

Selina alitazama kioo. "Kinakuja. Kiko upande wa Ukerewe, kitakuwa juu yetu sasa hivi."

"Kinatuona?"

"Hakina macho. Kinasikia tu."

Ngosha aliinua macho kwenye bati. Selina angeweza kumwambia kwamba husikia mawimbi, siyo midomo ya watu. Alikuwa na elimu ya kumwambia. Akaona ni ukatili usio na faida.

Ngosha aliteremka na mtoto mpaka penye mawe ya ufukweni, akasimama akilielekea ziwa. Manesi waliokuwa wakianika mashuka waliacha kuanika. Nikhil alitoka na kikombe chake cha chai. Ngosha aliinua uso kwenye mbingu tupu, ambako hapakuwa na cha kuonekana, akakohoa kusafisha koo, na kwa sauti ya mtu mzima anayemwamkia mkubwa wake akasema:

"Shikamoo!"

Hakuna aliyecheka. Maji yalipiga mawe. Ngosha alisubiri, shingo ameiinua, kama anavyosubiri mtu aliyemwamkia mzee mwenye masikio mazito na ambaye hathubutu kuondoka kabla ya kuitikiwa. Alisubiri mpaka Selina, aliyekuwa amesimama dirishani, akatamani kumwita arudi.

"Marahaba," alisema mtu.

Ilikuwa sauti nyembamba, imekwaruza, imejaa ukubwa wa kujifanya. Ilitoka begani kwake.

Ngosha akapiga magoti palepale matopeni. Alimshusha mwanawe, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwamkia tena, shikamoo, na tena, na tena, mwanamume mzima na ndevu zake akimwamkia mtoto wa miaka minne mbele ya watu wote, na kila alipomwamkia, Kija alimwitikia.